Neuroni iliyonyamaza

Jana usiku, taa nimeshazima, mwanangu akaniuliza: "Mama, ukinyamaza, ubongo wako nao unanyamaza?" Nikamwambia haunyamazi, alale. Akalala. Mimi nikabaki macho, spika ya maabara ikinirudia masikioni.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa uzamivu. Nilikuwa na neuroni moja ya panya, yaani seli moja ya ubongo, kwenye gamba la ubongo linaloshughulikia kuona, ambayo kila tulipowasha mwanga mkali ilinyamaza kabisa. Niliifuatilia miezi minne. Programu ya kuhesabu mapigo yake ya umeme niliiandika mwenyewe, na makala ilikuwa inakaribia kwisha. Profesa wangu alizitazama grafu bila kusema neno. Jioni ile akaja maabara, akanyoosha mkono, akazima skrini.

"Sasa sikiliza."

Elektrodi yetu, waya mwembamba unaonasa umeme wa neuroni, ilikuwa imeunganishwa na spika, kama walivyofanya wanasayansi Hubel na Wiesel miaka ya 1950, wakasikia seli ya paka ikichachamaa kwa ajili ya kivuli cha ukingo wa slaidi. Gizani niliusikia kwanza mvumo, ule niliokwisha kuuzoea hata nikausahau. Mwanga ukawaka. Ta-ta-ta-ta! Hiyo ilikuwa neuroni jirani, yenye mapigo makubwa. "Hiyo iache," akanong'ona. "Sikiliza chini yake." Nikabana pumzi. Chini yake kulikuwa na kitu chembamba, tik, tik-tik, kama ukucha unaogonga bilauri. Mwanga ukazimwa, kikapungua. Ukawashwa, kikaongezeka. Neuroni yangu haikuwa imenyamaza hata mara moja. Nikawasha skrini: mstari wake ulikuwa mtupu.

Pigo huhesabiwa linapovuka kizingiti, yaani kiwango fulani cha ukubwa, nami kizingiti nilikikokotoa kutokana na mtawanyiko wa mawimbi yote, makubwa yakiwemo. Jirani akichachamaa, kizingiti kinapanda, mapigo madogo yanazama. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja wa msimbo: chukua mediani (thamani ya katikati) ya ukubwa wa mawimbi, igawanye kwa 0.6745. Mapigo machache makubwa hayawezi kuivuta mediani. Njia hiyo ilikuwa imechapishwa tangu 2004.

Makala sikuituma. Siku hizi programu zinazojifunza zenyewe hutenganisha mapigo ya mamia ya neuroni kwa pamoja, na hunizidi mbali. Nazitumia kila siku na kuzishukuru. Hata hivyo, kabla ya kuamini kimya chochote, huwasha spika.

Kinachoniuma ni panya sita wa mwanzo. Mawimbi hupimwa mara 30,000 kwa sekunde, diski zilikuwa zinajaa, kwa hiyo nilihifadhi yale mapigo yaliyohesabiwa tu na mengine yote nikayafuta. Faili zao bado ninazo. Mwanga unawaka, mstari ni mtupu, na hakuna tena cha kusikiliza.