Gesi ya Kwanza Iliyoachwa Ipotee

Mwaka 2008 ulipozinduliwa mtambo wa Hale, mkoani Tanga, uliojengwa kuzalisha umeme kwa bayogesi itokanayo na mabaki ya mkonge, mjomba wangu wa Muheza aliingiwa na hamu ya kuwa na wake. Alifuga ng'ombe wa maziwa bandani, kando ya shamba lake la michungwa, na mwaka uliofuata alimwita fundi aliyejifunzia kazi hiyo Arusha, akachimba na kujenga kuba la matofali chini ya ardhi.

Nilikuwa kwake siku gesi ilipotarajiwa kuwashwa. Samadi iliyovurugwa na maji kwa kiasi sawa ilikuwa imekaa humo wiki kadhaa, na maji katika mpira wa kupimia mgandamizo yalikuwa yamepanda vizuri. Mjomba alikwisha kushika kiberiti, na majirani wawili watatu walikuwa wamekwisha kuketi.

"Mzee, hii tunaiachia," fundi akasema, akafungua koki.

Mjomba alihamaki, na sikumlaumu, kwa kuwa aliyebeba ndoo za samadi ndiye ajuaye thamani yake. Fundi alieleza kwa utulivu kwamba vijidudu vinavyotengeneza methani haviwezi kuishi penye hewa na huzaana polepole, hivyo gesi inayotangulia huwa na kabonidayoksaidi nyingi pamoja na hewa iliyobaki ndani ya kuba tangu ujenzi. Gesi hiyo aghalabu haiwaki. Na methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani, moto unaweza kurudi ndani ya bomba na kulipua. Koki ikaachwa wazi mpaka maji ya mpira yakashuka, na majirani wakaaga.

Hapo mjomba akaleta hoja ya mkonge. Nyuzi zinazotolewa hazizidi asilimia 5 ya uzito wa jani, na sehemu kubwa ya kilichobaki hutupwa nje ya korona, yaani mtambo wa kuchambulia nyuzi za mkonge. Kwa nini basi asilete tela moja, shimo lishibe upesi? Fundi alikataa. Alisema majimaji ya mkonge yana uchachu, na yakimwagwa kwa wingi katika shimo changa huwalemea hao vijidudu. Nyuzi fupi zilizosalia nazo huelea juu, zikasukana na kufanya utando mgumu unaozuia gesi kupanda. Hale waliweza kwa sababu mtambo wao ulijengwa kwa ajili hiyo. Alichokubali ni karai moja la mabaki yaliyokatwakatwa, lichanganywe na samadi, tena baada ya gesi kutulia. Kwa maoni yangu, katazo hilo lilimfaa mjomba kuliko matofali yote aliyouziwa.

Kuba lilipojaa tena, jiko liliwaka kwa mwali wa buluu, na mkaza mjomba akachemsha maziwa na kuinjika maharage bila kupepea. Tope lililotoka upande wa pili lilipelekwa kwenye michungwa. Jioni, hata hivyo, alipopika wali wa nazi, aliwasha mkaa. Mjomba alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba gesi haipaliwi juu ya mfuniko, na kwamba kama fundi wake ana dawa ya hilo pia, basi aje na sufuria yake.