Jiwe lililovuka Malaba

Pale Malaba afisa wa forodha alitoa ng'onda kwenye mkoba wa Shangazi, akatoa halua, akatoa doti mbili za kanga za harusi, mwisho akafikia furushi la gazeti lililofungwa kwa kipande cha wavu. Akalifungua.

"Mama, hiki ni nini?"

"Jiwe, mwanangu."

Akaangua kicheko, akamwita mwenzake aje ashuhudie: mama kapanda basi Mombasa na jiwe mkobani, kwani Uganda mawe yamekwisha?

Shangazi alitusimulia hayo jioni ileile, nyumbani Walukuba, mjini Jinja, miguu imemvimba kwa safari na mama anammiminia chai. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Julai 1998. Tarehe siisahau kwa sababu Ijumaa iliyofuata ndipo bomu lilipolipuka Nairobi, na baba akamkatalia dada yake katakata kurudi mpaka mambo yatulie. Harusi iliyomleta ikapita, yeye akabaki. Asingebaki, nisingekuwa na la kusimulia. (Siku hizi najua kwamba matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavuki mpaka bila kibali. Yule afisa angecheka kidogo akauliza zaidi. Lakini pale Malaba nani alikuwa anajua tumbawe?)

Maana halikuwa jiwe. Lilikuwa tumbawe la matawi, kubwa kama kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa, ncha zimechongoka kama pembe za paa. Kila tawi lilikuwa limejaa vitundu vidogovidogo, na ndani ya kila kitundu kulikuwa na kuta nyembamba zilizosimama kama miale ya jua lililochorwa na mtoto. Nilikaa nalo karibu na taa nikivihesabu, nikashindwa kabla sijamaliza tawi moja. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, na lilinuka bahari, ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Harufu niliitambua tu kwa kuwa ilikuwa kwenye nguo za Shangazi.

Lilikuwa mzigo wa Babu. Babu alitoka Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaja kumwaga zege kwenye bwawa la Owen Falls. Bwawa lilifunguliwa 1954, yeye akaoa, akabaki, kama wengi waliojaza nyumba za Walukuba, na ndiyo maana mpaka leo Kiswahili pale ni lugha ya kibarazani wakati kwingine Uganda watu wanakiita lugha ya askari. Kabla ya zege alikuwa mvuvi. Kufikia mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho yote mawili, na kadiri alivyozidi kutoona ndivyo alivyozidi kuusimulia mwamba wa kwao. Rangi zake alizifananisha na vitu vya jikoni: njano ya bizari, kahawia ya ukwaju, zambarau ya zabibu. Alisema ukizama ukatulia, unawasikia pono wakitafuna mwamba kwa yale meno yao kama mdomo wa kasuku, kwaru, kwaru, mfano wa panya kwenye gunia la mahindi. Alikuwa amemtumia Shangazi salamu: ukija, niletee tawi nilishike kabla sijafa.

Basi akalishika. Alilipapasa tawi kwa tawi, kimya, muda mrefu mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza:

"Lilipotoka majini lilikuwa rangi gani?"

Mtu wa pwani anajua kwamba tumbawe la namna ile likianikwa juani huwa jeupe. Alichotaka ni rangi ya mwanzo. Shangazi akajibu haraka, haraka mno nadhani, "Zambarau, Baba. Ncha zake samawati."

Babu akatabasamu. "La mkondo wa nje hilo. Nalijua." Akanikabidhi mimi nilitunze.

Usiku nikawasikia jikoni, Shangazi na mama, sigiri katikati yao.

"Wifi, nimemdanganya mzee. Halikutoka na rangi lile. Mume wangu alilikuta limenasa kwenye dema, jeupe vilevile ulionavyo. Tangu mwezi wa nne mwamba wote uko hivyo. Umevaa sanda."

Mama ni Msoga wa Bugembe, bahari alikuwa haijui kama mimi. Akauliza kama ni ugonjwa.

"Watu wanasema maji yamepata moto."

Nilicheka peke yangu gizani. Mwamba kuvaa sanda! Nilikuwa darasa la sita, P6 kama tusemavyo hapa, na niliona nina akili kuliko wote wawili.

Ilinichukua miaka kujua kwamba Shangazi alikuwa amesema kweli, na kwamba alikosea mahali pamoja tu. Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo laini, polipu, kila mmoja mdomo uliozungukwa na mikono midogo, akiishi ndani ya kitundu chake cha chokaa. Ndani ya mwili wake anawapangisha mwani wa chembe moja, na kodi yao ni chakula: sukari wanayoitengeneza kwa jua ndiyo sehemu kubwa ya riziki yake. Rangi nyingi za mwamba nazo zatoka kwao. Maji yakipanda nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, yakakaa hivyo wiki nne au zaidi, mapatano yanavunjika. Polipu anawafukuza wapangaji wake. Nyama inayobaki haina rangi, unaiona chokaa nyeupe ndani yake kama mfupa chini ya ngozi ya mtoto mchanga. Lakini hajafa bado. Maji yakipoa mapema mwani hurudi. Yasipopoa, anakufa kwa njaa. Kwa hiyo ile sanda ilivalishwa wagonjwa, si maiti, na hilo ndilo linaloniuma kila nikilikumbuka neno lake.

Mwaka 1998 hayakupoa mapema. Ilikuwa El Niño, lile joto la bahari linaloleta pia mvua kwetu, na magharibi mwa Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya kuliko zote. Inakadiriwa asilimia 16 ya matumbawe ya dunia yaliangamia kwa msimu huo mmoja. Mwaka 2016 binamu yangu wa Shimoni alinipigia simu: yamepauka tena. Mwaka 2024 akapiga tena, na safari hiyo hakusema hata salamu.

Lakini nirudi kwenye jiwe la Babu.

Kama jiwe lilipotoka majini lilikuwa jeupe, na Babu kaambiwa zambarau, basi mtu angeweza kulirudishia rangi na uongo ukaisha. Kwanza nililipeleka shuleni Jumatatu. Mwalimu wa sayansi, mtu mzuri ambaye naye hakuwa ameona bahari, alikamua ndimu juu ya tawi moja. Likatoa mapovu. Darasa likapiga makofi. Akasema ni chokaa, sawasawa na ile ya kiwanda cha saruji cha Tororo. Alipatia nusu. Kemikali ni ileile, ila mwamba wa Tororo haukujengwa na mnyama yeyote, ni mabaki ya volkano. Mimi niliondoka na tawi lililolika ncha na jawabu lisilonisaidia.

Nikaamua maji. Nilichukua ndoo mpaka Masese, kwenye mwalo wa Ziwa Viktoria. Mwaka ule ziwa lilikuwa bado limefunikwa na gugumaji, mazulia mazima yanayotembea na upepo, leo yamefunga mwalo, kesho yameondoka. Nililisukuma kwa mguu nikapata upenyo wa kuchota. Ajabu ni kwamba El Niño iyo hiyo, kwa maoni ya baadhi ya wanasayansi, ilisaidia kulimaliza: miezi ya mawingu na mawimbi ililidhoofisha, na fukusi walioletwa kulila wakamalizia kazi. Ziwa letu likafunguka mwaka uleule mwamba wa kina Babu ulipopauka. Watu wa Jinja walishukuru mvua.

Maji nikayamimina kwenye beseni, nikaliweka nje ya dirisha la Babu, kwenye jua. Kwa kuwa bahari ni chumvi, nikaiba vijiko vitatu vya chumvi ya mama. (Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi, vijiko vyangu vitatu kwenye ndoo nzima vilikuwa dhihaka.) Nikatumbukiza tumbawe. Babu alipouliza jiwe lake liko wapi nilisema dirishani, na hapo sikudanganya.

Siku za mwanzo hakuna kitu. Nabadilisha maji, naongeza chumvi, nakesha kusubiri. Shangazi alikuwa na mawazo yake, kila saa yuko kwenye redio akisikiliza habari za Nairobi. Kisha wiki ya pili ikielekea mwisho nikaona kivuli cha kijani kwenye maungio ya matawi. Kesho yake kimepanda. Siku ya kumi na tano tawi zima lilikuwa kijani kibichi, linang'aa kwenye maji.

Nililitoa likichuruzika, nikaingia mbio.

"Babu! Limepata rangi!"

Babu alikuwa ameketi kwenye mkeka, anavuta uradi. Akasimamisha tasbihi.

"Kwani lilikuwa halina?"

Shangazi alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Sikumtazama, lakini nilisikia punje zimeacha kurukaruka.

"Lete," akasema Babu.

Nikampa. Alipitisha kidole gumba juu ya tawi, akakisugua na cha shahada, akakinusa. Uso wake haukubadilika. "Ukoga," alisema. "Huu ni ukoga wa maji baridi, mjukuu wangu. Hili limekufa zamani." Kisha, bila kugeuza kichwa: "Mwanangu, lilitoka majini hivi? Jeupe?"

"Jeupe, Baba."

"Na mengine?"

Alichelewa kujibu. "Yote, Baba. Mwamba umevaa sanda."

Nilitamani anikaripie mimi, lakini hakuna aliyenikumbuka. Babu aliuliza tangu lini, akaambiwa mwezi wa nne. Akauliza kama kule nako umeshaingia ukoga. Shangazi akasema yaliyokufa yameingia, tena haraka, ukipita na ngalawa maji madogo unaona kijani mahali palipokuwa na zabibu na bizari. Alisema hivyo hivyo, zabibu na bizari, nikajua naye alilelewa kwa hadithi zilezile.

"Pono wapo?"

Nilidhani mzee amehamia kwenye kitoweo.

"Kwetu wachache. Vijana wana nyavu ndogo siku hizi, hawabakishi. Kisite wapo, si kumekatazwa kuvua."

Babu akaguna. Hifadhi ya Kisite ilipotengwa miaka ya 1970, ndugu zake walimwandikia barua za hasira, na yeye kwa miaka yote aliilaani kwa niaba yao kutoka kilomita zaidi ya elfu moja. Nilitegemea ailaani tena.

"Na tafi?"

"Tafi wapo."

"Basi," akasema. "Jiwe lenye ukoga haliotwi na kitu. Likisafishwa na pono na tafi, huota." Watafiti wa pwani ya Kenya waliokuja kuhesabu samaki na matumbawe miaka kwa miaka wameandika jambo hilohilo kwa kurasa nyingi: samaki walao mwani wakivuliwa wote, vijana wa matumbawe hawapati pa kushika. Babu alilisema kwa pumzi moja, akarudi kwenye tasbihi.

Shangazi aliondoka mwisho wa mwezi. Jiwe lilibaki, wala halikurudi dirishani. Usiku ule wa ukoga nililala chumba kimoja na Babu kama kawaida, na kabla ya usingizi kunichukua nikasikia sauti upande wake wa kitanda, polepole, inakoma, inaanza tena. Alikuwa amelikumbatia kifuani, analikwangua kwa ukucha. Kwaru, kwaru.