Kikuba kisichonyauka: mapambo ya Idi ya donge la mdalasini

Kikuba cha asumini huishi usiku mmoja. Bibi yangu alikuwa akikifunga jioni ya mkesha wa Idi kwa asumini, mrihani na ukuti wa mkadi, kisha akikiweka juu ya mto, na kulipopambazuka maua yalikuwa yameshasinyaa na kuwa ya kahawia, ingawa shuka bado zilinukia. Nilipokuwa mtoto niliona uchungu kila kilipotupwa. Nadhani ndiyo sababu nilivutiwa papo hapo siku mgeni mmoja aliyepanga nyumba mtaani petu hapa Lamu aliponieleza kwamba kwao Marekani, kabla ya Krismasi, watu hukanda unga wa mdalasini kwa rojo la tufaha, wakakata nyota na mioyo, wakavikausha na kuvitundika katika mti wa sikukuu mwaka baada ya mwaka. Nilimsikiliza huku nikimfikiria bibi.

Jaribio langu la kwanza nililifanya kabla ya Idi ya Aprili 2024, nalo liliharibika, na inafaa nieleze kwa nini, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha zaidi. Sikuwa na tufaha, kwa hiyo nilifuata njia nyingine inayojulikana sana, ile ya unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja na maji kiasi cha kikombe kimoja, nikaongeza vijiko vichache vya mdalasini kwa ajili ya harufu. Hilali zangu zilitoka katika tanuri zikiwa ngumu na nzuri. Masika yalikuwa yanaingia. Siku ya tatu zilianza kutoa jasho, baada ya wiki zililegea, na uzi ukakata matundu hadi moja baada ya nyingine ikaanguka sakafuni. Yeyote aliyewahi kufungua kopo la chumvi kisiwani wakati wa mvua angeweza kunionya: chumvi hunywa unyevu wa hewa, na donge ambalo theluthi yake ni chumvi haliwezi kukaa kavu katika mji uliozungukwa na bahari, ndani ya nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo kuta zake zenyewe hushika unyevu. Donge la aina hiyo linazifaa nchi ambazo wakati wa sikukuu ni wa baridi, nyumba zikapashwa moto hata hewa ya ndani ikakauka kabisa. Kwetu sisi pwani nashauri liachwe.

Donge la mdalasini halina chumvi wala ngano. Kinachobeba umbo lake ni unga wa gome lenyewe, na kinachoushikamanisha ni pektini iliyomo katika tufaha, ile ile inayoifanya jemu igande. Ninaposema tufaha nakusudia lile la ng'ambo ambalo wauza matunda huliita epo; tufaha letu jekundu lenye maji mengi halifai. Mimi huchemsha epo tatu kwa maji kidogo sana pamoja na maganda yake, kwa kuwa pektini nyingi imo katika ganda na katika kiini, kisha huziponda, huzipitisha katika chujio, na kulirudisha rojo jikoni juu ya moto mdogo mpaka mwiko ukipita uache njia. Rojo likiwa jepesi, donge litahitaji mdalasini mwingi zaidi na litapasuka likikauka.

Kipimo changu ni kikombe kimoja cha unga wa mdalasini kwa robo tatu ya kikombe cha rojo, na juu yake kijiko kimoja kikubwa cha karafuu zilizosagwa na kijiko kingine cha kungumanga. Rojo huliongeza kidogo kidogo, kwa sababu siku nyingine donge hutosheka mapema. Iliki niliijaribu na kuiacha, kwa maana ikishasagwa harufu yake haikai, na ni hasara kukipoteza kitu ambacho pilau na chai vinakihitaji zaidi.

Kuhusu mdalasini wenyewe, dukani utakuta wa aina mbili. Kuna ule mwembamba wa Ceylon, ambao tabaka zake nyingi zimekunjwa pamoja na huvunjika kwa vidole, na kuna ule mnene mgumu wenye ganda moja lililojikunja pande mbili, ambao ndio wa bei nafuu. Mwembamba uwekeni kwa chakula. Kwa mapambo, mnene ni bora, kwa kuwa harufu yake ni kali na rangi yake ni nyekundu ya udongo inayopendeza. Mimi huutwanga mwenyewe kwenye kinu na kuupepeta kwa kitambaa cha malmali, kwa sababu unga wa paketi uliokaa rafuni miezi mingi umeshapoteza sehemu kubwa ya kilichofanya ununuliwe. Wakati wa kutwanga jifungeni leso puani, maana vumbi lake huwasha koo na macho, na wenye pumu wasikae karibu.

Mwaka uliofuata Idi iliangukia mwisho wa Machi 2025, kaskazi ikiwa bado inavuma, na hapo ndipo kazi iliponyooka. Jikoni kwetu kuko juu darini, chini ya makuti, mahali ambapo upepo hupita bila jua kupiga moja kwa moja. Katika kumi la mwisho la Ramadhani mabinti wa jirani walikuwa wakipanda baada ya Alasiri, tukakaa mkekani, tukasukuma donge kwa unene wa nusu sentimita juu ya karatasi ya nailoni iliyonyunyizwa mdalasini, kwa sababu unga wa ngano ungeacha madoa meupe. Hilali na nyota tulizikata kwa kisu. Majahazi yalitushinda mara mbili kabla ya tanga kukubali kusimama.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni muhuri. Fundi mmoja wa nakshi, katika wale wanaochonga milango mitaani, alinichongea katika kipande cha mbao ua la duara kama lile linaloonekana katikati ya mlango wa Kilamu, lenye petali zilizochimbwa kwa kina. Ukilipaka mafuta kidogo na kulikandamiza juu ya donge, kila mstari hutokea, na donge likikauka hufanana na mti mkavu hata mgeni asidhani kwamba ni viungo. Nimeweka karafuu moja nzima katikati ya kila ua. Karafuu yenyewe ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, kwa hiyo naona imerudi mahali pake.

Tundu la uzi lazima litobolewe donge likiwa bichi, kwa mrija wa soda, tena liwe kubwa kuliko unavyodhani linahitajika, kwa kuwa donge husinyaa na tundu husinyaa pamoja nalo. Wenye tanuri hukausha kwa moto mdogo kabisa, kama nyuzijoto 95, kwa saa mbili hivi, na harufu inayojaa nyumba siku hiyo ni sikukuu tosha. Mimi nimechagua upepo. Mapambo hulala juu ya uteo, yakifunikwa kwa malmali, na kugeuzwa asubuhi, adhuhuri na jioni, kwani yakikaa upande mmoja kingo hujikunja juu. Huchukua siku tatu. Kujua kama yamekauka, liguse pambo shavuni: likiwa na ubaridi, ndani bado kuna maji. Mdalasini una mafuta yanayozuia ukungu usiote upesi, lakini si ruhusa ya kufungia sandukuni kitu kibichi.

Watoto waelezwe mapema kwamba vitu hivi si vya kula, ingawa kila kilichomo kimetoka jikoni; ni vigumu kama kigae, na mdalasini na karafuu kwa wingi huo huchoma mdomo. Binti mdogo kuliko wote aliniuliza, akiwa katika saumu yake ya kwanza ya siku nzima, kama kunusa kunafunguza. Nilimwambia anuse atakavyo.

Mkesha wa Idi tuliyafunga kwa uzi wa pamba na kuyatundika mbele ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, moja kwa kila kidaka, na mengine tukayashusha kutoka kwenye boriti juu ya mlango. Kabla ya hapo niliyapanga juu ya chetezo na kuyafukiza udi, si kwa muda mrefu, kwa maana udi hushinda kila kitu ukiuachia. Sikuacha kufunga kikuba. Kiliwekwa juu ya mto wa kulalia kama desturi, na asubuhi kilinyauka kama desturi.

Sikukuu ilipopita niliyafunga kila moja kwa karatasi, nikayatia katika kopo la biskuti. Niliyafungua tena Mfungo Sita, mji ulipoanza kupokea wageni wa Maulidi na kila nyumba ikawa na jamaa waliolala hadi varandani. Harufu ilikuwa imepungua, basi nikayapitisha msasa mwembamba kwa nyuma, sehemu isiyo na nakshi, na mdalasini ukaamka kana kwamba umetwangwa jana. Shangazi yangu aliyekuja kutoka Pate alilishika moja, akalinusa, akaliweka chini ya mto wake bila kuniuliza, na aliporudi kwao aliondoka nalo.