Siku moja na B, G, K na W

Saa 1 asubuhi. Natunga chemshabongo za Kiingereza kwa ajira, na wengi nikiwaambia hudhani nalipwa kucheza. Leo sijatoka hata kitandani, mhariri ameshanitumia ujumbe: "Msomaji amekukamata." Wiki iliyopita niliuliza neno refu kuliko yote lenye irabu zote tano, kila moja mara moja tu, zikifuatana A, E, I, O, U. Jibu nililochapisha ni abstemious, mtu wa kiasi katika kula na kunywa, herufi 10. Msomaji kaandika mstari mmoja: "Na abstemiously je?"

Herufi 12. Nimelala nikiangalia dari.

Saa 2. Nafungua programu niliyotumia kuchuja maneno. Kosa lipo mstari wa tatu: kikomo cha herufi 10, nilichoweka kwa ajili ya fumbo jingine kabisa na kukisahau palepale. Facetiously nayo, herufi 11, ilikatwa na panga hilohilo. Nafuta kikomo, naandika masahihisho, nayarudia mara tatu ili yasisikike kama visingizio.

Saa 3. Fumbo la leo: neno refu kuliko yote lenye B, G, K na W, popote zilipo. Kompyuta ingenijibu kabla sijapepesa jicho, lakini huwa naanza na karatasi. Nisipotoka jasho mwenyewe, sijui nitampima vipi msomaji.

Kwa G natupa ndoano kwenye -ing, kama kila mtu. Maneno marefu ya Kiingereza mengi hurefushwa mkiani, kama sisi tunavyovuta pika mpaka pikishana, kwa hiyo ukizijua tamati umeshapata nusu ya kazi. K na W zinaniletea work, week, wreck, know. B inaniletea back. Napata backswing, herufi 9. Nazunguka chumba. Bushwhacking, kufyeka njia msituni, herufi 12! Najiona bingwa, naweka kalamu chini.

Saa 4 na nusu. Kijana anayejifunza kazi kwangu anajaribu kwa kompyuta. Ameandika [bgkw], akaletewa maneno kwa maelfu, hata neno go limo. Mabano hayo ya mraba yanaomba herufi yoyote mojawapo, hayaombi zote nne. Kila anayeanza hupita hapo. Mimi nilipita mara mbili.

Namwonyesha ujanja ninaoupenda kuliko wote. Chukua kila neno kwenye orodha, panga herufi zake kwa alfabeti, uzihifadhi pembeni ya neno lenyewe. Sasa B itatangulia G, G itatangulia K, K itatangulia W, liwe neno gani. Kwa hiyo unatafuta b.*g.*k.*w katika zile zilizopangwa, basi. Nukta ni herufi yoyote, nyota ni irudiwe mara zozote, hata sifuri. Kuna faida nyingine: fumbo likitaka M tatu, unaandika mmm, maana M zote za neno zimesimama pamoja. Njia ya kuuliza tu "M imo au haimo?" haitofautishi neno lenye M moja na immunocompromised lenye nne.

Anabonyeza. Katikati ya majibu naona abdeeegkllnow, na pembeni yake knowledgeable, mwenye maarifa.

Herufi 13. Know nilikuwa nayo kwenye karatasi! Nilichokosea ni kuing'ang'ania G ya -ing, na huku G nyingine imejificha katikati, kwenye ledge, ikipokewa na -able mwishoni. Kijana anacheka. Namwacha acheke.

Saa 7 mchana. Kijana yuleyule ananiomba, kwa mara ya nne mwezi huu, tutumie pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Ugonjwa wa mapafu, herufi 45. Namkatalia. Neno lile lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa National Puzzlers' League, yaani wenzetu wa chemshabongo walilitengeneza makusudi liwe refu. Halafu hesabu herufi zake zilizo tofauti: ni 14 tu. Uncopyrightable ina herufi 15, na zote 15 ni tofauti. Kwa anayesaka maneno yenye herufi fulani, uncopyrightable ndiyo mali. Kijana anahesabu kwa vidole, hataki kuniamini.

Saa 9. Hapa ndipo pagumu. Orodha kubwa inanipa knowledgeability, herufi 16, na knowledgeableness, 17. Ni maneno halali, ingawa sijawahi kumsikia mtu akiyatamka. Orodha nyingi za Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni, huishia herufi 15, kwa kuwa ubao wenyewe una miraba 15 kwa 15, hivyo mchezaji wa Scrabble na mpekuzi wa kamusi watagombana juu ya "refu kuliko yote" na wote wawili wana haki. Nafuta maneno hayo matatu kwenye swali. Naandika: "Tafuta neno la herufi 13 au zaidi." Jibu la mfano litakuwa knowledgeable, neno ambalo msomaji akilikosa atajipiga kofi la paji. Lile la 17 lingemfanya anune tu.

Saa 11 jioni. Natuma. Barua pepe, ankara, barua pepe.

Saa 2 usiku. Masahihisho ya abstemiously yametoka. Ujumbe wa kwanza unaingia, kutoka kwa msomaji yuleyule: "Asante. Half-seriously ina herufi 13, irabu ziko kwa mpangilio. Kistari mnakihesabu?"

Nawasha tena kompyuta.