Upande wa Bibi

Sinza, Jumapili usiku

Mjomba alianza kwa kudondosha sindano. Fundi cherehani wa Kariakoo mzima, sindano inamshinda! Baadaye ulimi ukawa mzito, miguu ikagoma, na kabla ya mwaka wa tatu tukamzika. Mdogo wake bibi naye alikuwa amekufa hivyo hivyo. Mtaani hawakusubiri daktari: bibi, mzee kuliko wote na mzima wa afya, ndiye anayewamaliza.

Daktari alisema ni ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, na huenda unatembea kwenye ukoo. Tangu hapo nasoma kila ninachokipata. Kuna kasoro kwenye jeni iitwayo C9orf72, iliyogunduliwa mwaka 2011. Mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, ila si kila aliyeirithi huugua. Wapo wanaozeeka nayo. Bibi anaweza kuwa mmoja wao. Hatujapimwa, lakini hilo linanitosha kumtetea.

Usiku huu kinachonikosesha usingizi ni habari za picha za ubongo za MRI. Watu wenye kasoro hiyo, wasio na dalili yoyote, wakilinganishwa na wasio nayo, thalamasi zao, sehemu ya katikati ya ubongo inayopitisha taarifa, huonekana ndogo, hata kwa walio chini ya miaka 40. Je, ugonjwa umeshaanza? Wapo watafiti wanaodhani huenda ubongo wao ulikua hivyo tangu awali. Na hiyo ni picha ya kundi. Haimwambii mtu mmoja lini ataugua, wala kama ataugua.

Kwa jeni nyingine ambayo ikiwa na kasoro huleta ugonjwa huu, SOD1, kuna matumaini zaidi: dawa ya tofersen iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na inajaribiwa kwa watu ambao bado wazima, pale protini ya nyurofilamenti, inayovuja neva zinapoharibika, inapopanda kwenye damu yao. C9orf72 bado haina dawa yake.

Kope langu likicheza, wenzangu kwenye daladala huniambia nitapata mgeni. Mimi nawaza mengine.

Nilimweleza baba mkubwa haya yote. Akasikiliza vizuri, kisha akasema, “Na hizo jeni, nani kazituma?”

Dada anataka kupima. Mimi sitaki, maana hakuna dawa ya kunipa. Nimemwomba akipima asinionyeshe majibu, kwa kuwa yakiwa mabaya, nusu yake ni yangu. Amekasirika, anasema namwachia mzigo peke yake.