Meza ya Bwana: mungojane

Bwana asifiwe bandugu na bamama. Jumamosi wale wamemaliza mafundisho watabatizwa kwenye ziwa, na Jumapili iko Meza ya Bwana, ule mukate na kikombe cha kumukumbuka Yesu, basi wiki hii tusome 1 Wakorintho 11, lakini tuanzie mustari wa 17, tusirukie tu pale kwa 23 penye muchungaji anasomaka kila mara.

Mustari wa 29 unaogopeshaka watu sana, ule unasema mwenye anakula na kunywa bila kuupambanua mwili, anakula na kunywa hukumu yake mwenyewe. Mutu anaanza kujihesabia, nilidanganya, nilikasirika, basi leo kikombe kipite. Kujichunguza ni vizuri, Paulo mwenyewe anaomba. Lakini angalia ni kosa gani lilimufanya aandike: kule Korintho kila mutu alitangulia kula chakula chake, masikini hana kitu. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa." Njo ile anaita kutoupambanua mwili, ni kusema kutoona kama sisi wote tuko mwili mumoja! Na dawa yake iko fupi, mustari wa 33: "mngojane".

Sasa hapa kwetu Goma. Mama mwenye anauzisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwenye soko ya Birere, hata Jumapili anapitia kwanza soko ju watoto wakule, anafika ibada iko katikati, anakaa nyuma karibu na mulango, kumbe sinia ya vikombe vidogo imeshapita na shemasi ameifunika kitambaa cheupe. Hakuna mwenye alimufukuza. Lakini hakukunywa, na sisi tuliimba tu tukaenda nyumbani.

Ubatizo nao iko hivyo hivyo, hauko kitu ya mutu peke yake. Kuya Jumamosi utaona: yale mawe meusi ya volkano yanateleza, kandidati anashikwa mukono na shemasi, muchungaji anamungojea maji ikiwa kwa kiuno, mama yake anasimama juu na kikwembe kikavu. Hakuna mwenye kujibatiza, hata Yesu alimwendea Yohana kule Yordani. Warumi 6 inasema tunazikwa pamoja naye, na mutu hajizikaki, wengine njo banamuzika. (Mabishano ya kuzamishwa ao kumwangiwa maji tuyaache leo, hata Didake, maandiko ya Wakristo wa zamani sana, inaruhusu kumwanga maji kichwani mara tatu kama hakuna maji ya kutosha.)

Mimi ninapendaka sana yule mulinzi wa gereza kule Filipi, Matendo 16. Usiku ule ule anawaosha Paulo na Sila vidonda vya fimbo, kiisha anabatizwa yeye na watu wake, kiisha anawapandisha kwake anawaandalia chakula. Yote usiku mumoja, na ilianzia kwa vidonda vya watu wenye alikuwa amewafunga miguu.

Basi bashemasi, tafazali, Jumapili sinia irudie nyuma mara ya pili mbele ya kuifunika. Na wewe mwenye unapangaka kuacha kikombe ju uko na maneno na mutu, leo ni Jumatano tu, mupigie simu.