Siku ya tiketi ya mwisho

Saa tisa na nusu usiku

Alamu imelia nikiwa macho. Tangu Jumatatu sijalala vizuri, nalala nashtuka, nalala nashtuka, na mume wangu ndo kwanza karudi saa sita usiku kutoka zamu ya hospitali kwahiyo hata wa kupiga naye stori hamna, kaanguka kitandani kama gunia. Nikachemsha chai ya maziwa na tangawizi, nikaijaza kwenye chupa, nikavaa soksi mbili mbili na koti. Tarehe 6 Machi 2019, Jumatano. Machi ya huku Ohio, Marekani, bado ni baridi ya kwenye mifupa, usidanganywe na kalenda.

Nikatoka kuwasha gari ipate moto. Wakati nasubiri nikafungua WhatsApp, Dar inakaribia saa sita mchana, mdogo wangu kaniachia voisi ya dakika tatu. Anataka kuuza Premio yake. "Dada, hii gari inalamba kila tuta la Goba, mvua zikianza ndo siendi popote, halafu nimeona Harrier moja kali sana, niongezee kidogo bana." Nikacheka peke yangu mle ndani kama mwehu. Yani siku yenyewe aliyoona inafaa kuniambia hivo ni leo.

Saa kumi na nusu alfajiri

Kutoka Austintown ninakokaa mpaka kazini Lordstown si mbali, na lazima upite karibu na kiwanda cha General Motors, huwezi kutokukiona, ni kama mji uliowekwa paa. Kipo hapo tangu 1966. Zimetoka pale Vega, Cavalier, Cobalt, na kuanzia 2010 hii Chevrolet Cruze, gari ndogo ya chini, ambayo picha yake wameibandika ubavuni mwa jengo, bango kubwa kuliko nyumba yetu ya Morogoro mara kumi. Leo ndo wanaunganisha Cruze ya mwisho.

Mimi sifanyi kazi pale ndani. Watu nyumbani wanajua "dada yuko kiwanda cha magari" na nimechoka kuwarekebisha. Nipo kwenye kampuni ndogo ya jirani inayounga siti za hiyo Cruze, siti tu, na siti za hiyo gari tu. Gari ikifa na sisi tumekufa.

Saa kumi na moja kasoro

Nikapaki. Hapa nikafanya kitu ambacho sijui kwanini sikuwahi kukifanya miaka yote sita, nikahesabu gari za wenzangu. Safu ya kwanza ina gari kumi na nne: pikapu tano, hizi gari za kukaa juu juu saba, kivan kimoja, na Cruze moja. Moja! Na yenyewe ni ya binti wa ofisini aliyerithi kwa bibi yake.

Na yangu mimi ni Equinox ya 2018, nimeinunua mpya. Namba yake ya chasisi inaanza na 2, maana yake imeunganishwa Kanada, ya Marekani ingeanza na 1, hivo siwezi hata kujitetea. Niliinunua tulipopata mtoto wa pili, maana kumfunga mtoto kwenye kiti chake ndani ya gari ya chini unainama unapinda mgongo na theluji inakumwagikia kisogoni. Kwenye Equinox mtoto yuko usawa wa kifua changu. Ndo hivyo tu, hakuna falsafa. Na cha kuchekesha, Cruze ya kuanzia 2016 na hii Equinox yangu kule chini ni ukoo mmoja, wamezisanifu juu ya msingi mmoja, wamebadilisha urefu na bodi, afu ile ndefu wanaiuza kwa maelfu ya dola zaidi. Mimi nayeunga siti kutwa najua siti ya Cruze haina ubaya wowote. Tatizo ni umbali wa siti na lami.

Saa kumi na moja mpaka saa mbili asubuhi

Nieleze kidogo tunavyofanya kazi, manake bila hivyo siku yenyewe hamtaielewa. Sisi hatuna stoo ya siti zilizokwisha. Kule kwa wakubwa bodi ikitoka rangi na kuanza kuingia laini ya kuunganisha, kompyuta yao inatuma oda kwetu, printa yetu inatema tiketi: gari namba fulani, siti za kitambaa cheusi, au ngozi, zenye hita au zisizo na hita. Tuna masaa machache tu ya kuziunga, kuzipima, kuzipanga kwenye trela kwa mfuatano uleule wa magari, na dreva azifikishe mlangoni kwao kabla bodi haijafika sehemu ya kufungwa siti. Ukikosea mpangilio, siti za ngozi zinaingia kwenye gari ya bei ya chini na simu inapigwa kwa hasira.

Kwahiyo sisi hatusubiri kuambiwa hali ikoje, printa inatuambia. Zamani ilikuwa inakereketa mchana na usiku, shifti tatu. Januari 2017 wale wa General Motors wakafuta shifti ya tatu, printa ikawa inanyamaza usiku. Juni 2018 wakafuta ya pili. Kiwanda kilichokuwa na watu kama 4,500 kikabaki na 1,500 hivi. Sisi tuliokuwa tunalalamika ovataimu imezidi tukaanza kugombania ovataimu.

Mwaka 2011 petroli ilipopanda karibu dola 4 kwa galoni hizi gari zilikuwa zinagombaniwa. Mwaka 2014 waliuza Cruze zaidi ya 273,000 hapa Marekani. Afu mafuta yakashuka bei, kila mtu akakumbuka ana mgongo, ana watoto, ana mbwa, kuna theluji, 2018 zikauzwa 142,000 na kidogo. Na si hawa tu, Chrysler waliacha gari zao za chini, Dart na ile inayoitwa 200, huko 2016, na Aprili 2018 Ford wakatangaza kwamba hapa Marekani ya Kaskazini wanaachana na karibu gari zote za chini, wanabakiza Mustang. Ukiunga siti na ukawa unasoma habari unaona kabisa maji yanakuja.

Tangazo lenyewe la General Motors lilikuja Jumatatu tarehe 26 Novemba 2018, viwanda vitano kwa mpigo, Lordstown ndani. Hawakusema neno kufunga. Walisema kiwanda "hakijapangiwa" gari ya kutengeneza. Tulibishana wiki nzima kwenye chumba cha chai kuhusu hilo neno, wengine wakasema ni matumaini, mzee wa stesheni ya jirani na yangu akasema hapana.

Huyu mzee lazima nimtaje. Mzungu, ana miaka sitini na kitu, moyoni namwita babu ila usoni namwita jina lake tu kama wanavyotaka wenyewe. Baba yake alikuwa kiwanda cha chuma cha Campbell hapo Youngstown, na Jumatatu tarehe 19 Septemba 1977 watu 5,000 waliambiwa basi. Huku hiyo siku ina jina kabisa, Jumatatu Nyeusi. Babu anasema huku mabaya yote huja Jumatatu, ndo maana Jumatatu huwa haweki oda ya chakula mpaka saa nne ipite.

Saa tatu asubuhi

Wengi tulikuwa tunajifanya tunafanya kazi lakini masikio yapo kwa printa. Tiketi zikawa zinakuja moja, kimya, moja, kimya kirefu. Supavaiza akawa anapita na sanduku la donati, mkono wa pili barua za kila mtu. Barua ya kwangu ilikuwa na aya mbili. Wiki mbili za mshahara, kadi ya bima inakufa mwisho wa mwezi, asante. Wale wa kiwanda kikubwa wana chama chao cha wafanyakazi, UAW, wanaweza kuomba kuhamia viwanda vingine, Tennessee, Indiana, Michigan, ingawa nako ni kuvunja familia, baba anaenda kupanga chumba masaa tisa kutoka kwa wanae. Sisi wa siti hatuna hata pa kuhamishiwa tukatae.

Saa nne kasorobo

Tiketi ya mwisho ikatoka. Sikujua ni ya mwisho mpaka printa ikatoa karatasi nyeupe tupu nyuma yake, ikakereketa kidogo ikakaa. Kitambaa cheusi, haina hita. Gari ya bei ya chini kabisa, nyeupe.

Kwa kawaida kila stesheni ina kama dakika moja, unaweka fremu, unakaza boliti nne, mashine inahesabu, taa ya kijani, twende. Leo kila mtu akataka kukaza boliti moja. Watu wa stoo, binti wa ofisini mwenye Cruze, dreva wa foklifti, wote foleni. Laini ikasimama inatusubiri sisi, miaka sita sijaona. Kazi yangu mimi ni nyaya chini ya siti ya abiria: ile sensa inayojua kama kuna mtu amekaa, begi la hewa, mkanda. Unachomeka kichwa cha waya mpaka usikie "tik".

Babu akaandika majina ya wanae kwa kalamu ya maka kwenye chuma kabla kava halijafunika. Wengine wakaandika. Mimi nikaandika MOROGORO kwa herufi kubwa, basi, ndo kilichonijia.

Siti ikaenda kwenye mashine ya kupima, watu wameshika simu tayari kupiga picha ya ile taa ya kijani. Ikawaka nyekundu.

Kimya. Wakapima tena. Nyekundu. Fundi wa ripea akaipindua, akaangalia chini, akaniangalia mimi. Kichwa cha waya cha sensa hakijaingia mpaka mwisho. Nilikuwa napiga stori, maka mkononi, sikusikilizia "tik". Siti maelfu kwa maelfu, leo ndo nafeli! Nilitaka sakafu ipasuke. Babu akaanza kucheka, kicheko kile cha mpaka machozi, na wote wakacheka, nikapiga magoti nikachomeka mwenyewe. Tik. Walisikia wote. Kijani.

Saa tano asubuhi

Dreva wa trela akafunga mlango, akapiga honi ndefu mpaka kwenye kona. Baada ya hapo tukafagia. Tulilipwa mpaka saa saba kwahiyo tukafagia sakafu ambayo imeshafagiliwa, mara tatu. Sina la kusema kuhusu hayo masaa mawili.

Saa nane mchana

Badala ya kurudi nyumbani nikaenda kusimama nje ya kiwanda kikubwa. Kulikuwa na watu wengi, wazee wastaafu, wake za watu, bendera, kamera za televisheni. Bibi mmoja akanigawia kahawa bila kuniuliza mimi ni nani. Wakawa wanaongelea rais Trump alivyokuja Youngstown Julai 2017 akasema kazi zinarudi, watu wasiuze nyumba. Jirani yangu mmoja hakuuza kweli, saivi bei ya nyumba imeporomoka na hapati mnunuzi.

Picha zikaanza kuingia kwenye simu za watu kutoka kwa wale waliokuwa ndani: Cruze nyeupe, bendera ya Marekani imetandikwa juu ya boneti, watu wameizunguka. Mimi nikavuta picha kwa vidole nione mlango wa abiria. Kioo kinang'aa, siti haionekani vizuri, kivuli tu cha kichwa cha siti. Ila najua kilichopo chini yake.

Sina uhakika kama nilikuwa na haki ya kulia. Wengi tuliokuwa tunalia tulikuwa tumepaki ng'ambo ya barabara, na ukitazama ng'ambo ya barabara ni pikapu na gari za kukaa juu mpaka jicho linapoishia.

Dar ilikuwa inaelekea saa nne usiku, mdogo wangu akatuma picha ya Harrier, nyeusi, imeoshwa, na emoji tatu za moto. Nikamwambia ntamuongezea ila si mwezi huu, mambo yamebana. Akaniuliza kwani kuna nini. Nikamwambia kesho ntampigia.

Saa kumi na mbili jioni

Mume wangu kaamka, kapika ugali na maharage, leo ni ofu yake. Watoto wamekula ndizi nusu nusu wakakimbilia katuni. Nikakaa na leptopu kujaza fomu ya serikali ya mafao ya kukosa kazi, wanauliza kazi yako ilikuwa ipi, nikaandika muunga siti, nikafuta, nikaandika fundi wa nyaya.

Akasema kuna mtu wa kanisani kamtumia tangazo, upande wa Columbus huko, kampuni inatafuta watu wenye uzoefu wa kuunga siti za Honda, waswahili wamejaa huko tusingekuwa wapweke, shule nzuri. Honda wana viwanda upande huo, cha Marysville kinatoa Accord, gari ya chini, cha East Liberty kinatoa CR-V, ya kukaa juu.

"Wanalipa vizuri kuliko kule kwako," akasema.

Nikamuuliza siti za Accord au za CR-V.

Akachukua simu, akasoma tangazo kutoka juu mpaka chini, akarudia. "Haijaandikwa," akasema. "Kwani kuna tofauti?"